Kijiti cha Mama Penseli

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika kwa herufi kubwa kama za kibao cha duka ili uisome mwenyewe. Nimesikia daktari amekuruhusu kusoma robo saa asubuhi na robo saa jioni, kwa hiyo tafadhali usiimalize kwa mkupuo mmoja. Na kama ni Dada anayekusomea, basi Dada, mpe Baba barua yake. Sisi huku hatujambo. Mkwe wako anakusalimu; mafua yake yamekwisha, ila malalamiko juu ya mafua bado yanaendelea. Mjukuu wako mkubwa ameng'oka meno mawili ya mbele na siku hizi anacheka huku ameziba mdomo. Nilifurahi mno Dada aliponiambia kwamba bandeji ilipotolewa, neno lako la kwanza lilikuwa kwamba dari la wodi limepigiliwa vibaya. Hapo nikajua umepona.

Nina jambo la kukueleza, Baba. Nimeliahirisha mara mbili, maana kwenye simu wewe husikilizi, unahutubia.

Uliponipigia Jumamosi ile, kabla ya kulazwa, ulikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Ulisema Mheshimiwa Kufuli amemkomesha Yule Mama, kwamba umemsikia redioni akitangaza mwenyewe makubaliano ya bajeti, na kwamba chama chenu bado kina watu. Nilikuacha ufurahi. Lakini mimi nilikuwamo chumbani, kwenye kiti changu cha karani wa kamati ya bajeti bungeni, na kumbukumbu za kikao zimeshawekwa wazi kwa kila mtu. Kwa hiyo ninayokuandikia hayavunji kiapo changu cha kazi.

Hali unaikumbuka. Mwaka wa fedha ulikuwa unakwisha Ijumaa, bajeti haijapita, na hakuna chama kilichokuwa na kura za kutosha peke yake. Isipopita, Jumatatu ofisi za serikali zinafungwa na hospitali zinapokea wagonjwa wa dharura tu. Upasuaji wako ulipangwa Jumatatu hiyo hiyo. Ulikuwa umesubiri miezi kumi na moja, macho yamejaa ukungu kiasi kwamba ulimimina chai nje ya kikombe ukakilaumu kikombe. Ukikosa nafasi ile, ulikuwa unarudi mwisho wa foleni. Nilipokueleza hivyo, ulijibu kwamba bora ubaki kipofu kuliko kumwona Yule Mama akishinda. Wewe uliona umesema neno zito. Mimi nilikwenda chooni nikalia.

Sasa nikueleze juu ya Yule Mama, ambaye sisi watumishi tunamwita Mama Penseli. Ndiye anayeongoza upande wa serikali katika kamati, na siku ya kwanza alipita mezani na kopo tupu la biskuti akikusanya kalamu za wino za wajumbe wote wanane, wanne wa kwake na wanne wa kwenu. Akawagawia penseli. Akasema wino ni wa mambo yaliyokwisha, na hapa hakuna lililokwisha. Kisha akavunja ule mtindo wa vyama kukaa wakitazamana kama watu wanaovutana kamba. Alimkalisha Kufuli ubavuni pake, na kila wajumbe wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, wakapewa nakala moja ya makabrasha. Nilidhani ni ubahili wa karatasi. Baadaye nikaona kwamba ni vigumu kumfokea mtu anayekusubiri umalize ukurasa ndipo afungue.

Kufuli aliongea saa nzima Jumatatu. Wewe ungempigia makofi, alikuwa moto kweli. Mama Penseli hakumkatiza hata mara moja. Kufuli alipomaliza, Mama Penseli alimsomea yale aliyoyaandika kutoka kwenye maneno yake na kumuuliza kama amemwelewa sawasawa. Baba, aliyasema vizuri kuliko mwenyewe. Kufuli alibaki akisugua kidevu, kisha akakubali kwamba ndivyo. Kuanzia hapo kazi ikaenda. Barabara walibishana siku moja, shule siku moja na nusu, wakafuta na kuandika mpaka vifutio vikaisha nikaagiza vingine.

Zikabaki hospitali, na hapo mambo yakagoma. Kufuli alisema serikali imezipunguzia hospitali fedha. Watu wa Mama Penseli wakasema zimeongezwa. Kila upande una majedwali yake, kila upande una mtaalamu wake mwenye miwani, na kila mtaalamu anaapa. Alhamisi mchana Kufuli alisimama, akatia makaratasi yake mkobani, akatamka lile neno lililompa jina: nimefunga. Unajua mwenyewe kwamba akifunga hafungui. Wajumbe wa serikali wakaanza kunong'ona kwamba aachwe aende zake, lawama zitamwangukia yeye. Mama Penseli akawaambia lawama hazitibu mtu. Akamwomba Kufuli anywe chai kwanza, kwa kuwa hata anayeondoka hakatazwi chai, na Kufuli akaketi, lakini mkoba ukabaki mapajani.

Ijumaa asubuhi Mama Penseli alikuja akachukua majedwali ya pande zote mbili, yake yakiwa ya kwanza, akayakunja akayatia kwenye lile kopo la biskuti na kulifunga. Akaweka mezani karatasi moja nyeupe. Akataka watu wake wapige hesabu za Kufuli, na watu wa Kufuli wapige hesabu zake yeye, wote wakianzia mahali pamoja. Haikufika saa sita. Ikaonekana kwamba upande mmoja ulikuwa unaanzia fedha zilizoidhinishwa mwaka jana, na mwingine unaanzia zile zilizofika hospitali kweli. Hakuna aliyesema uongo. Tofauti iliyobaki ilikuwa ndogo, hata wataalamu waliona haya.

Hapo ndipo nilipomvulia kofia. Alisema mbele ya watu wake kwamba kipimo cha Kufuli ndicho kilicho karibu na mgonjwa, na kwamba yeye atakifuata. Kufuli, aliyekuwa amejiandaa kusukuma mlango, akaukuta uko wazi, na kwa hiari yake akaachia mambo mawili ya barabara aliyoyashikilia tangu Jumanne. Saa tisa alasiri bajeti ilipita. Waandishi wa habari walipokuwa wanangoja nje, Mama Penseli alimwambia Kufuli atangulie yeye kutangaza. Watu wake walinuna sana. Akawajibu kwamba yeye alikuja kutafuta bajeti, na ameipata. Basi huyo ndiye uliyemsikia redioni, Baba, na wala hakudanganya. Ila mlango alifunguliwa.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike. Nimezunguka sana, ninajua, na wewe unachukia fundi anayezunguka meza bila kushika randa.

Wakati wa ile chai ya Alhamisi, Mama Penseli aliuliza, kama anayejiuliza mwenyewe, inakuwaje watu wawili wakweli wapate majibu mawili. Karani hana mdomo, Baba. Kwa miaka kumi na miwili sikuwahi kutamka neno kikaoni zaidi ya kuitikia. Lakini nilikuwa nauona mkoba wa Kufuli mapajani, nikayaona macho yako, na mdomo ukafunguka wenyewe.

Nikawasimulia habari ya milango ya shule. Nikasema kuna seremala mmoja, mafundi wake wawili walitengeneza, mmoja fremu na mwingine milango, na milango ikakataa kuingia. Kila mmoja akaleta futi yake ya kupimia kama shahidi. Seremala akagundua kwamba mmoja alipima kwa ndani na mwenzake kwa nje, na futi zote mbili ni sahihi. Akazitia mfukoni zote mbili, akakata kijiti kimoja, akamwamuru wa fremu akapime milango na wa milango akapime fremu, mpaka mlango ufunge. Wa kwanza kucheka alikuwa Kufuli. Akaushusha mkoba sakafuni.

Kwa hiyo, Baba, aliyemfungua Kufuli si Yule Mama. Ni wewe. Na macho unayosomea barua hii umeyatibu mwenyewe.

Nimepewa onyo la maandishi kwa kuongea kikaoni bila ruhusa, na ni haki yangu. Nimelitunza vizuri kuliko cheti cha ndoa.

Bado kidogo. Baada ya kura, Mama Penseli aliniita koridoni akauliza seremala huyo ni nani. Nikamwambia ni baba yangu, na kwamba wewe humtaki hata kwa dawa. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema anaagiza kazi kwako kama mteja yeyote: kijiti cha kupimia cha mbao ngumu, urefu wa mkono, kisicho na rangi ya chama chochote, kikae ndani ya kopo la biskuti mpaka bajeti ijayo. Nilipaswa kukuuliza kwanza. Sikukuuliza. Nimeshamjibu kwamba utakitengeneza, na hilo ndilo kosa langu, nisamehe.

Kufuli alikuwa anapita akatusikia. Nilidhani naye ataagiza chake. Akasema hapana, kiwe kimoja tu, vikiwa viwili tutarudi kule kule.

Msalimie sana Dada, na umshukuru kwa kukuvumilia. Mpe salamu Fundi Kushoto, umwambie kesi yake ya fremu imesikilizwa bungeni na bado hana hatia. Pumzisha macho sasa, robo saa imepita zamani. Mbao usianze kuichagua kabla daktari hajakuruhusu, ingawa nakujua, umeshasimama.

Ni mimi kitindamimba wako,
Karani mwenye mdomo