Mashini ya Sanduku na Ile Haina Sanduku

Siku ya kazi mbili, 5 novembre 1991

Madame anaenda. Kamioni itamupeleka Zambia siku ya posho, tarehe 9. Toka askari bapore bar ya bwana yake mwezi uliopita, halalake muzuri. Miaka kumi na tisa natumika mu jikoni yake, leo ananiita: Mama Germaine, kamata mashini moja ya kusaga kahawa. Ile ingine itakuwa ya Adrienne.

Adrienne! Mupiga pasi. Kahawa anaijuaka ku harufu tu.

Lakini minye njo nachagua wa kwanza. Vile sawa.

Siku ya kazi tatu, 6 novembre

Nimeziangalia. Zote mbili zinakula kuran, ile umeme ya ku waya. Ya bar iko na sanduku ndogo ku kifua: kahawa inasagwa, inaanguka mule, inangoja. Unavuta mukono yake — kla — inatoa kipimo ya kikombe moja. Ya jikoni haina sanduku. Unaweka kikombe chini ya mudomo, unga inashuka moja kwa moja mpaka useme basi.

Danielle, mujukuu yangu, anasema: Kambo, kamata ya sanduku. Kuran ikiwa iko unasaga, kuran ikienda unavuta tu. Nikamuuliza kati yetu nani alimufundisha mwenzake kupika. Kahawa ikilala mu sanduku inakufa. Madame alikuwa anaitupa ya asubuhi, bila huruma.

Tena ile kupima. Mugeni anaingia kwako, unamupimia kla moja, kla mbili, sawa dawa ya minyoo? Minye hapana.

Siku ya kazi ine, 7 novembre

Pa bomba ya maji. Adrienne, ule ananiitaka yaya sawa dada yake mukubwa, anasema mbele ya bamama bote: Yaya Germaine atakamata ile inang'aa, hata ingekuwa ya kusaga mawe ya Kakontwe. Bakacheka. Nikajibu: muntu ule alichoma shati ya Pasaka ya bwana afunge kinywa juu ya mashini za bantu. Akainama ku ndoo yake. Ile shati ilikuwa ya 1984. Minye sisahauke.

Kweli, ya jikoni inang'aa. Lakini haiko juu ya vile.

Siku ya posho, 9 novembre

Nimekamata ile haina sanduku. Madame alilia. Minye sikulia, nilikuwa nabeba. Kila mumoja wetu alipata na kopo ya mbegu ya kahawa. Adrienne alisema merci kwa ile ilibakia, bila kununa. Ile iliniuma kupita matusi.

Kesho njo siku ya Danielle. Papa Séraphin, baba ya Hervé ule anataka kumuoa, anatoka Kambove na bandugu kuomba mutoto. Nilituma neno kitambo: kwa Mama Germaine batakunywa kahawa sawa ya bar. Danielle anasema nisage leo, kuran iko. Nimekatala. Nitasaga mbele ya macho yao. Baone.

Siku ya Mungu, 10 novembre

Naandika hapa jikoni, maji iko ku mbabula ya makala. Nisipoandika nitapiga muntu.

Bageni bako mu salon, saba. Nilijaza mbegu. Niliweka kikombe chini ya mudomo. Nikasema: muangalie. Nikafinya. Mashini ikasema mmm, ikanyamaza. Kuran imeenda. Mbegu nzima zinaniangalia mu kioo.

Papa Séraphin, na adabu yake yote: Mama, hata maji ni muzuri. Maji. Anakuja kuomba mujukuu yangu, anakunywa maji sawa mugonjwa wa dispansere. Ile neno itamutangulia kufika Kambove.

Kinu? Jana Danielle alitwanga sombe mule, majani ya muhogo. Kahawa ya sombe, ndoa imekwisha.

Halafu nyuma ya ukuta ya lupango, pale kiwanja yangu inaishia na ya Adrienne inaanza, nasikia: kla. Ni Adrienne. Alisaga jana, bila shaka, kuran ikingali.

Danielle anasema: Kambo, niende kuomba? Hapana. Kinywa yangu njo ilimutukana, miguu yangu njo itaenda. Nikabeba kopo tupu.

Hakuuliza juu ya nini nimekuja. Aliona magari mbele ya mulango yangu, anajua.
— Bako bangapi, Yaya?
— Saba. Na minye.

Alileta mashini pa ukuta, akaishikilia na mikono mbili.
— Vuta weye. Minye ni mupiga pasi tu.

Nikavuta. Kla, kla, mpaka saba. Ya nane ilitoka nusu, sanduku ikabakia tupu. Kikombe yake ilikuwa pa dirisha, kavu. Niliiona. Akajua nimeiona.

Sasa kopo iko hapa, maji inachemka. Mu salon bameanza kukohoa. Danielle anauliza apange bikombe nane. Nimesema tisa. Nitagawanya ile unga hata kama kahawa itakuwa nyepesi. Na kabla ya kupanga, apite ngambo ya ukuta, amuite muntu wa tisa.

Anasimama mu mulango na sinia, hatembei.
— Kambo, mupiga pasi mbele ya bakwe?
— Enda, nimesema.

Angali anasimama. Naacha kuandika, naweka kikombe ya tisa ku sinia yake.