Mama Mkwe Aliniwekea Laptop Kama Mbegu

Shangazi Devotha, shikamoo. Gazeti huku kwetu Namswea hufika limechoka, lakini ukurasa wako ndio ninaoanza nao, na leo nimeshika kalamu mwenyewe kwa sababu nimekwama. Naomba uniongoze, na ukitaka kucheka cheka, ila umalize kusoma.

Naitwa Oliva, mwalimu wa sekondari, mzaliwa wa Ngumbo kule ziwani, nimeolewa huku milimani kwa Wamatengo, na kabla sijafika kwenye shida yangu lazima nikueleze mama mkwe wangu ni mtu wa namna gani, maana bila hivyo utamchukia bure. Anaitwa Mama Kunigunda, na Shangazi, huyu mama anajua kutunza kitu, jamani! Mwavuli aliopewa siku ya harusi yake bado anaenda nao kanisani, jembe lake limelika mpaka limebaki kama kijiko na bado analima nalo ngoro, haya mashimo yetu ya kulimia milimani, ambazo vijana wanazionea wivu, na mbegu yake ya mahindi haijawahi kubunguliwa hata punje, anaitundika kichanjani juu ya mafiga, moshi unaipitia kila siku, na watu wanatoka mpaka Litumbandyosi kuja kumwomba. Nilipoolewa walisema huyu Mnyasa anajua samaki tu, kahawa ataiweza wapi, lakini Mama alinishika mkono akanifundisha, na nilipoanza masomo ya digrii nikiwa kazini ni yeye aliyesema Mwalimu anahitaji mashine, akauza kahawa ya shamba lake mwenyewe, tukaenda naye Songea, na dukani akawa anaziinua laptop moja moja kama anayechagua jembe, halafu akasema, "Chukua hii nzito, hii ina mwili." Muuzaji akacheka. Mimi nilitaka kulia, kwa sababu sijui ni mama mkwe gani mwingine angenifanyia vile.

Na laptop ile ilifanya kazi kweli kweli. Mitihani ya shule nzima niliichapa humo, kazi zangu za chuo humo humo, na Mama jioni akitoka shambani alikuwa anakuja kukaa pembeni yangu ananiambia, "Chapa, Mwalimu, nisikie," basi mimi nachapa na yeye ametulia kama anasikiliza redio.

Sasa sikia kilichotokea. Likizo iliyopita niliitwa Songea kwa masomo ya darasani, hosteli ya kule ina sifa ya wizi, na nyumba yetu kutwa haina mtu na dirisha moja halina nondo, nikaogopa wezi, nikampelekea Mama laptop nikamwambia kwa mdomo wangu mwenyewe, "Mama, naomba uniwekee hii kama mbegu." Nilimaanisha aitunze sana, ndivyo tunavyosema huku. Yeye akaipokea kwa heshima zote na mimi nikaondoka. Niliporudi akanipeleka jikoni, akapanda kwenye kigoda, akaitoa kichanjani juu ya mafiga, katikati ya mahindi ya mbegu, ikiwa imefungwa kwenye kanga yake ya Pasaka, akaipangusa masizi kwa kiganja, akanipa kwa mikono miwili. "Hakuna mdudu aliyeigusa, Mwalimu," akasema, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sitaisahau. Likizo nzima, Shangazi! Maharage, kande, maji ya kuoga, moto wa asubuhi mpaka jioni, moshi wote ule ulikuwa unapita humo ndani. Nikasema asante Mama.

Haikuwaka. Fundi Xaveri wa Mbinga mjini alipoifungua aliinusa kwanza, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hii mlikuwa mnaikausha?" Betri imevimba, feni imegandamana na masizi, skrini imekuwa rangi ya chai, akaniambia nisipoteze muda, nitafute nyingine.

Mume wangu Mansuetus, mtoto wa huyu huyu Mama, anasema tununue inayofanana na ile tukae kimya, maana kwao mkamwana hamwambii mama mkwe wake kwamba ameharibu kitu, ni utovu wa adabu, na ameona moja ya mtumba huko Songea, nene, nyeusi, ilikuwa ya ofisini Ulaya, anasema Mama hawezi kutofautisha. Muuzaji yule wa kwanza aliyetucheka anayo nyingine mpya, nyembamba, inameta, anasema ndiyo ya kisasa na hiyo mitumba ni takataka za Wazungu, na mimi moyo unaivuta ile mpya, ila hasa ninachotaka ni laptop itakayokaa miaka, maana sitaki kumwona Mama akiuza kahawa yake tena kwa ajili yangu.

Na kila siku ananiuliza, "Mashine inaendeleaje?" Nasema nzima, Mama. Juzi alikuja akakaa, akasema chapa nisikie, na Mungu anisamehe, nikaifungua ile ile iliyokufa nikachapa. Nilichapa vitufe vilivyokufa, Shangazi, na yeye amefumba macho anatabasamu.

Pengine ningeendelea hivyo hivyo, lakini Jumapili baada ya ibada nimemsikia akimwambia mzee Valentino, mwenyekiti wa kwaya, kwamba kahawa ikiiva na kwaya ikapumzika wamletee kile kinanda kipya cha kigango, ameshakiandalia nafasi. Mzee Valentino akamshukuru sana, akasema hakuna mikono salama kama ya Mama Kunigunda. Na mimi nimesimama pale pale, nasikia yote.

Huyu mama nampenda kuliko ninavyoweza kuandika. Nikimwambia nitamvunja moyo, nisipomwambia atakausha kinanda cha kanisa. Ninunue laptop ipi, na Mama nimwambie nini?

Oliva, Namswea

*

Marahaba, Oliva mwanangu. Sikufichi, pale kwenye mafiga nimecheka mpaka mhariri akaja kuchungulia mlangoni. Nilipofika kwenye vitufe vilivyokufa nikaacha kucheka, na nikakukasirikia.

Lakini kwanza nimpe Mama Kunigunda haki yake. Kila wiki nasoma barua za mama wakwe wanaoficha chumvi, wanaohesabu mboga, wanaopekua masanduku ya wake za watoto wao. Wewe wako ameuza kahawa yake usome! Anatoka shambani amechoka, anakuja kukaa karibu nawe asikie unavyofanya kazi. Mwanamke huyo ningekuwa jirani yake ningekwenda kumwamkia asubuhi na jioni. Kanga ya Pasaka, Oliva! Hakuifunga kwa gunia. Alichukua nguo yake nzuri kuliko zote akaifungia laptop yako, na mimi hapo nimemvulia kilemba.

Sasa wewe. Nani alisema "kama mbegu"? Ulimwendea mtu anayejua mbegu kuliko wilaya nzima, ukamwambia aweke kama mbegu, akaweka kama mbegu. Ulitaka aiweke wapi? Mwanafunzi wako akifuata maelekezo yako neno kwa neno na jibu likatoka baya, unamnyima alama yeye? Mama hakuharibu kitu. Maelekezo yalikuwa yako. Kwa hiyo, ile habari ya kwenda kumwambia mama mkwe kwamba amekosea haipo kabisa, unakwenda kumwambia kwamba wewe ndiye uliyemwelekeza vibaya, na adabu ya Wamatengo haikukatazi kuungama kosa lako.

Na wewe Mansuetus, najua unasoma hapo begani kwa mkeo. Unataka kununua laptop kwa sababu inafanana na marehemu, ili mama yako adanganyike? Mama aliyekutunza wewe kama alivyotunza ule mwavuli? Aibu, baba. Huko si kumheshimu, ni kumfanya mtoto.

Ila cha kuchekesha ni kwamba laptop uliyoichagua kwa sababu mbaya ndiyo hiyo hiyo ninayowaambia mchukue. Oliva, achana na ile inayometa. Ile nene ya ofisini ilitengenezwa ibebwe, iangushwe, ifunguliwe na kufungwa kutwa nzima na watu wasioinunua kwa fedha zao. Mama alipoinua na kusema ina mwili, alikuwa sahihi kuliko huyo muuzaji wenu anayewacheka wateja. Lakini na mtumba nao una wenyewe, usiubebe kwa macho. Ifungue na kuifunga uangalie bawaba, zisilegee wala kulia. Chomoa chaja, iache iwake kwa betri yake huku mkinywa soda, muuzaji akianza kusema betri itajirekebisha mbele ya safari, inukeni. Betri iwe ya kuchomoka kwa kidole bila bisibisi, ikizeeka ubadilishe yenyewe bila kubadilisha mashine. Andika kila herufi ya kibodi, sikiliza feni, uliza kama inapokea kumbukumbu zaidi baadaye. Halafu kabla hujatoa hela mpigie Fundi Xaveri umtajie jina na namba ya hiyo laptop, umuulize kama spea zake anazipata. Laptop ambayo fundi wako wa Mbinga hawezi kuifungua, kwako wewe ni ya msimu mmoja tu, hata iwe imetoka kiwandani jana.

Nyumbani iweke mezani, si kitandani, na kile kitambaa cha kufuma mnachopenda kufunika kila kitu kisiwe juu yake inapofanya kazi, inahitaji kupumua. Umeme ukianza kuyumba chomoa. Ukisafiri usiiache imekauka chaji. Na ile betri iliyovimba msiitupe kwa watoto wachezee, mrudishieni fundi.

Hayo ndiyo ya dukani, na hayo ni mepesi. La Mama ndilo litakalokutoa jasho, na unalifanya kabla hujanunua chochote. Usimtume Mansuetus, usimtume wifi, usimtume padre. Nenda wewe, jikoni kwake, ukae chini, umwambie: "Mama, nilikuambia uweke kama mbegu, nikakosea. Hii kitu moshi unaiua, na mimi sikukuambia. Ile imekufa, na juzi nilikuwa nakudanganya." Useme yote, hasa hilo la juzi. Pengine atalia, kwa ajili ya kahawa na kwa ajili ya ile furaha yake. Kaa hapo hapo ulie naye, usikimbilie kumtuliza kwa maneno ya kitabu.

Habari ya kinanda usiiguse. Akishaelewa, atafunga kanga yake ataenda mwenyewe kwa mzee Valentino, na utaona mtu mzima anavyorekebisha jambo mbele za watu bila kuvunjika. Usimnyang'anye hiyo kazi.

Kisha muende naye Songea tena. Yeye ainue, wewe ujaribu bawaba. Mkirudi, mpe mikononi mwake umweleze maadui wa mashine: joto, moshi, unyevu, panya, vumbi. Mweleze vizuri safari hii, mwalimu, taratibu, mpaka aulize maswali. Halafu umwulize wewe: "Mama, hii tuiweke wapi?" Ukishauliza nyamaza, umfuate nyuma akitafuta mahali, na atakapoonyesha kwa kidole, weka hapo.

Shangazi Devotha