Msingi wa Nyuma ya Kwetu

Jumatatu, 3 Agosti 1992
Nimechota maji, nimefagia uwanja. Kemia bado. Kanisa limeanza kuchimba msingi nyuma ya kwetu. Itakuwa nyumba ya vikongwe waliofukuzwa vijijini kwa kuitwa wachawi. Sasa hivi wanalala stendi. Mtaa mzima unakataa. Baba ndiye mwenyekiti, ndiye anaongoza. Nadhani amekosea. Sikusema. Huwa sisemi.

Alhamisi, 6 Agosti
Bibi amekuja kutoka kijijini Lingeka. Mama yake baba. Juu ya lori la pamba. Wamechoma nyumba yake. Eti macho mekundu ni ya mchawi. Ni mekundu kweli. Kuni huko hakuna, miaka yote anapikia samadi kavu. Ni moshi tu!

Baba amemwingiza chumbani kwangu, akafunga dirisha. Duka letu halina hata mwaka. Majirani wakijua, hakuna atakayenunua hata kiberiti.

Jumamosi, 8 Agosti
Joto. Bibi haruhusiwi kutoka mchana. Nakaa naye, nasoma kwa sauti, ili mtu akisikia chochote adhani ni mimi. Jiografia, historia, hata kemia. Akikohoa, nami nakohoa.

Nyumba ile ya nyuma ingekuwa yake. Angekaa barazani, aote jua.

Jumapili, 9 Agosti
Mkutano uwanjani kwetu. Tuliusikia wote, mimi na bibi, dirisha likiwa limefungwa. Mama Shija, jirani, alisema, "Hao wakishajaa hapa, fisi wanaowapanda usiku nao watataka stendi!" Watu wakacheka. Baba naye akacheka. Bibi anaijua sauti ya mwanawe. Nimemchukia baba.

Wamekubaliana na sungusungu, walinzi wa jadi. Atakayewauzia mafundi maji au mchanga, au kumpa kikongwe wa namna hiyo pa kulala, atatengwa. Hapewi moto, hasalimiwi. Baba ndiye aliyetamka. Nilitaka kufungua mlango, wamwone. Mkono ulifika kwenye komeo. Bibi akanishika gauni.

Jumanne, 11 Agosti
Watu wa mtaa wamefukia msingi. Nimechungulia kwenye ufa wa dirisha. Baba alikuwa na jembe, anatoka jasho kuliko wote. Mafundi wameondoka.

Bibi aliuliza kelele za nini. Nikasema watu wanachimba choo.

"Choo gani hicho cha kupigiwa vigelegele?"

Nikafungua kitabu.

Jumatano
Sitaki kuandika.

Ijumaa, 14 Agosti
Baba amemletea bibi miwani myeusi kutoka mnadani. Alimvalisha mwenyewe, taratibu, bila kumtazama. Alisema sasa anaweza kwenda chooni hata mchana, mtu akiuliza tutasema ni mgonjwa wa macho. Halafu akarudi dukani.

Bibi hakutoka. Alikaa kitandani na miwani yake, ameelekea dirishani. Baadaye akaniuliza kama jua limeshazama.

Nikamwambia bado. Nikaendelea kusoma kwa sauti.