Chuo cha Mkekani

Mjukuu wangu Koku,

Hapa Nshamba hatujambo, na bibi yako amekukaushia senene. Unauliza nani alinifundisha mawe, mimi niliyeishia darasa la nne.

Nikiwa kijana kwenye mgodi wa shaba kule Uganda, niliokota jiwe lenye madoa ya waridi katika lundo la kutupwa. Msimamizi akafoka nilitupe, nikakataa. Mtaalamu wa madini alipoligeuza mkononi, alisema ni madini adimu, akaniuliza nimesoma chuo gani.

Nikamjibu, "Mkeka wa mama." Juu yake tulichambua kahawa tangu utotoni, na punje isiyofanana na nyingine haikunipita.

Sasa unasomea miamba. Wakikuuliza ulianzia wapi, kumbuka mkeka ule hata wewe uliukalia.

Babu yako