Nilidhani Ametulia

Mwenzangu, uko? Usipige, sitaweza kuongea. Soma tu.

Tumetoka kliniki na binti yangu, Bibie wangu. Si unajua nilivyokuwa nakutambia kwamba tangu nimwachishe ngano na maziwa, usonji wake umepoa? Harukiruki, hapigi kelele, analala kutwa. Wifi yangu akawa anasema, "Si nilikwambia? Tatizo ni chakula."

Daktari kampima uzito. Akampima tena. "Mama, anakula nini?"

Nikasema wali na mboga.

"Anakula, au unamwekea?"

Nikasema namwekea. Maana sahani anaisukuma. Unamjua mwanangu, yeye ni mkate na maziwa tu, kingine hata kukinusa hataki.

Akaniambia polepole, "Huyu hajatulia, mama. Hana nguvu. Ana njaa."

Ana njaa, mwenzangu. Na mimi nampiga picha amejilaza, nakutumia, eti ona alivyotulia.

Sikulia. Mpaka sasa sijalia, sijui nina nini.

Katuandikia twende kwa mtaalamu wa lishe, ila leo nimpe anachokubali. Nikanunua mkate na maziwa hapo nje ya geti. Alikula amefumba macho, mkono mmoja umeshika nguo yangu.

Sasa hivi yuko sebuleni, ameanza zile kelele zake, ingawa sauti bado ndogo. Wifi kapiga simu, kazisikia.

"Usiniambie umempa mkate!"

"Nimempa. Na maziwa."

Nikakata.