Shavu la Kushoto

Na jambo lingine ambalo sikuwahi kulisema kwenye simu, dada, kwa sababu ulikata: shikamoo. Nakupa shikamoo yako kwa kuwa mama alitulea hivyo, si kwamba hasira zimeniisha. Shemeji hajambo? Magoti yako je? Mimi mzima, na ndoa yangu nzima, miezi mitatu sasa, na bado nikisikia pikipiki yake ikizimwa nje moyo unaruka kama wa msichana wa shule. Nina miaka arobaini na sita na sioni aibu kuandika hivyo! Fundi friji wangu huyu, kabla hata hajavua buti, alizoea kupitisha kidole kwenye mkunjo wa shavu langu la kushoto, ule uliokuwa ukitokea nikicheka, na kusema hapo ndipo alipopotelea.

Na wewe, siku ya harusi yangu, ukanipa bahasha mbele ya mawifi. Nikadhani ni picha ya mama. Kumbe karatasi ya kliniki, imeshalipiwa, ya kuvutwa ngozi ya uso kwa nyuzi ili mikunjo ipotee! Ukaninong'oneza eti mume wa miaka thelathini na saba ni katoto, bado hajaniangalia vizuri. Siku akiangalia, nisije kulia kwako. Dada, hata adui angesubiri fungate iishe.

Sasa nisikilize. Nilikwenda. Wiki mbili zilizopita niliaga kwamba naenda kwa fundi viatu. Daktari, mtu mpole, akanichoma ganzi, akapitisha uzi kwa sindano ndefu karibu na sikio, akavuta. Hakuna kisu wala mshono. Alipomaliza shavu la kushoto akanipa kioo nione tofauti kabla ya kuanza la pili. Ndivyo wanavyofanya, wanajivunia kazi yao. Na kweli niliona. Kushoto nina thelathini, kulia arobaini na sita. Nikajaribu kucheka. Mkunjo haupo! Nikavaa viatu. Akanifuata hadi mlangoni akinisihi, eti hakuna mteja anayeondoka na nusu uso. Nikaondoka nao.

Mume wangu alipouliza mbona nacheka upande mmoja, nikasingizia jino. Masikini, akaamini. Kila asubuhi ananipashia maji ya chumvi nisukutue, na jana akaomba ruhusa kazini anipeleke kuling'oa. Alikuwa amechomekea shati, ameshika funguo, ananingoja. Ndipo nikasema ukweli.

Hakucheka, dada. Aliuliza tu kama siku zote hizi nikimtazama nilikuwa naona mtu anayejiandaa kuondoka. Nikakutaja wewe. Nikasema ulinilazimisha, ulinikokota mpaka kwenye kiti cha daktari. Uongo mtupu. Wewe ulitoa karatasi. Miguu ilikuwa yangu, na hofu ilikuwa yangu tangu kabla ya harusi. Hicho ndicho kinachonichemsha: wewe uliijua hofu hiyo ukaichokonoa, na mimi nikaitii.

Daktari alisema nyuzi zitayeyuka zenyewe baada ya miezi kadhaa. Lakini swali la mume wangu bado liko mezani, tunakula tukilizunguka.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja, wawili; nimemwomba na amekubali. Mbele yake nitakiri kwamba nilikusingizia. Kisha wewe, kwa mdomo wako, utamwambia ulimwitaje siku ya harusi yetu.

Ni mimi mdogo wako,
mke wa fundi friji.