Kamba ya Mama Yako

Mama Eliwaza,

Maharage yameiva, uyaunge tu. Ndoo ya unga nimeondoka nayo, unga nimeumimina kwenye sufuria. Ndani ya ndoo yumo nyoka, nakwenda kumwachia porini, nje ya Same.

Asubuhi mama yako alisema kuna kamba kwenye kuni. Nikaifuata nifungie mbuzi. Ilipoinua kichwa ndipo nikakumbuka kwamba yeye hamtaji nyoka kwa jina, hata mchana. Mimi ninayeitwa na mtaa mzima kukamata nyoka, nikajikuta juu ya banda la kuku. Baadaye nikamsukumia ndooni kwa fito, lakini hilo mama yako hatalisimulia.

~~Usimwambie mtu.~~ Mama yako ameshapiga simu kwao Vudee.

Mbuzi bado hajafungwa. Mfunge, ila tafuta kamba isiyo na macho.

Baba Eliwaza